Mabaki Yasiyoombwa

Kaeo alikwisha kula mayai mawili ndipo aliposema hayana chumvi.

"Ongeza mchuzi wa samaki," mama yake alimwambia bila kugeuka.

"Nimeongeza, mama. Mara tatu."

Saijai aligeuka. Sahani ya mtoto ilikuwa imejaa mchuzi wa samaki, ule ule ambao siku zote harufu yake humfikia mtu akiwa bado yuko getini. Akachovya kidole, akakilamba. Hakusikia kitu. Akachovya tena, safari hii vidole viwili, akavinyonya hasa, na ilikuwa kama amenyonya maji ya mvua. Moyo ukamdunda, kwa sababu mwaka ule, mwaka wa pili wa maradhi, hapakuwa na mtu asiyejua maana ya ulimi kupoteza ladha. Alikimbilia kikapu cha jikoni, akatafuna pilipili moja nzima, ikamchoma mpaka machozi yakamtoka, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuyafurahia machozi ya pilipili kama yeye siku ile. Akanusa kahawa ya mumewe, ikanukia kahawa. Ulimi wake ulikuwa mzima. Chakula ndicho kilichokuwa hakina kitu ndani.

"Labda mayai yamelala," alisema mumewe, Prayun.

"Na mchuzi wa samaki nao umelala?"

Prayun alijisogezea sahani. Alikuwa anakula yai lake ameinamisha kichwa, na masikio yamemwiva. Alikuwa na sababu.

Watatu hao waliishi katika chumba kilichokuwa nyuma ya dobi la hoteli moja ya Pattaya, mtaa wa pili kutoka ufukweni, hoteli ya vyumba arubaini na vinne. Prayun alikuwa mtunza bustani na bwawa, Saijai mtandika vitanda. Maradhi yalipofunga mipaka, wenzao waliambiwa warudi makwao Isan, kaskazini mashariki, wakasubiri kupigiwa simu, na wengine wanaisubiri mpaka leo. Prayun na Saijai wakabakizwa kulinda. Mwenye hoteli, Bi Rachani, aliyekaa Bangkok, aliwaambia kwamba kulala bure ndio mshahara wenyewe hadi wageni watakaporudi. Kulala bure, kana kwamba mtu anaweza kutafuna mto.

Hata hivyo Bi Rachani hakuwa mtu wa kusahau wajibu wake. Alimsahau mtunza bustani, lakini hakumsahau Babu wa Kiwanja. Maana kila kiwanja kina mwenyewe wa asili, asiyeonekana, naye hujengewa kijumba chake juu ya nguzo karibu na geti, na akitunzwa vizuri biashara huenda. Basi kila siku takatifu, mara nne kwa mwezi, pikipiki ya mizigo ilileta kapu kutoka soko kubwa: kuku mzima wa kuchemsha, mayai, wali, ndizi, visheti vya nazi na chupa mbili za soda nyekundu. Kazi ya Prayun ilikuwa kupanga vyote mbele ya kijumba, kupiga picha na kuituma kwa simu. Bi Rachani hujibu kwa kikatuni cha sungura anayeinama kwa heshima. Sungura huyo ndiye mshahara pekee aliowahi kuutuma.

Kula chakula cha Babu si dhambi, watu wote hula. Ila kuna utaratibu wake. Unapanga, unawasha kijiti cha udi, unamkaribisha. Kisha unasubiri kijiti kiungue mpaka chini, kwa kuwa huo ndio muda wake wa kula. Kikizimika unapiga magoti, unaunganisha viganja na kusema, "Babu, tunaomba mabaki." Hapo ndipo unateremsha sahani. Mtoto wa miaka minne anaujua utaratibu huo, na Prayun alikuwa na miaka thelathini na minane.

Mwanzo aliufuata. Lakini kijiti cha udi huchukua karibu saa nzima kuungua, na saa nzima ni ndefu kwa mtoto aliyekunywa uji wa maji tangu juzi na sasa amekaa chini ya nguzo akimtazama kuku. Mwezi wa sita Prayun alianza kuomba mabaki kijiti kikiwa nusu. Mwezi wa saba udi uliisha, naye hakununua mwingine, kwa maana kununua udi na kuacha mchele aliona ni wazimu. Alichomeka vijiti vya zamani vilivyokwisha kuungua, akavielekeza vizuri kwenye kamera, akapiga picha, na kabla sungura hajarudi kutoka Bangkok kuku alikuwa amekwisha kukatwa. Hakumkaribisha mtu, hakumwomba mtu. Hivyo hivyo mpaka mvua kubwa zikafika, na Saijai hakujua, kwa kuwa yeye aliletewa sahani ikiwa tayari.

Kaeo alikuwa na miaka sita. Tangu siku ya yale mayai alianza kula. Alikula sehemu yake, akala ya baba yake, akala ya mama yake aliyejidai ameshiba, halafu akalamba sufuria. Saijai alifurahi kwa siku mbili, maana hakuna mama asiyependa kuona mtoto anakula. Siku ya tatu alipomwogesha alihesabu mbavu zake bila kukusudia, na kaptula ya shule ikamteleza mtoto mpaka magotini.

Hospitali walimpima maradhi yale, wakasema hana. Walimpa dawa ya minyoo.

"Bado nina njaa," Kaeo alisema njiani.

"Umekula sasa hivi."

"Nilikula mimi. Babu hajala."

"Babu yupi?" Saijai aliuliza, akidhani anatajiwa marehemu baba yake.

Kaeo aliangalia pembeni kama mtoto aliyeropoka siri, akasema hajui jina lake.

Wiki ile, mchana jua likiwa utosini, Saijai alikuwa anafua shuka ambazo hazijalaliwa na mtu, kwa kuwa Bi Rachani aliagiza zifuliwe kila mwezi zisishike ukungu, aliposikia kijiko kinakwaruza sahani. Kwaruu, kwaruu, taratibu, kama mtu anayekusanya punje za mwisho. Sauti ilitoka ukumbi wa kulia chakula. Ukumbi ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliopita, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, aliushika kuhakikisha. Kisha akanusa udi, udi mbichi unaowaka, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuwasha.

Aliufungua mlango polepole. Viti vyote vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu juu, vumbi limetanda, isipokuwa meza ya mwisho kabisa kule dirishani ambapo viti viwili vilikuwa vimeshushwa, na kwenye kimoja alikaa mwanawe Kaeo, amempa mgongo, mkono wake unakwenda sahanini na kurudi mdomoni, sahanini na kurudi mdomoni, na sahani yenyewe ilikuwa nyeupe tupu, na mbele ya kiti cha pili, kiti ambacho hakikuwa na mtu, ilisimama chupa ya soda nyekundu yenye mrija, na Saijai akiwa amesimama pale ufunguo ungali mkononi, aliiona soda ile ikishuka kidogo kidogo ndani ya chupa, akausikia mrija ukivuta, ukavuta mpaka chini, ukatoa ile sauti ya kukoroma ambayo watoto hukatazwa kuitoa mbele ya watu. Kisha kile kiti kitupu kikatoa mlio, kama anavyokiliza mtu mzito anapoegemea nyuma.

Alimbeba Kaeo, akatoka naye mbio, hakuufunga mlango.

Jioni ile alimbana Prayun dobini. Waliongea kwa kunong'ona ingawa hoteli nzima ilikuwa yao.

"Niambie ukweli. Chakula cha kijumbani unakifanya nini?"

"Nakipanga, napiga picha."

"Na udi?"

Prayun alianza kukunja shuka.

"Prayun, udi?"

"Umekwisha tangu mwezi wa saba," alisema. "Mtoto alikuwa analia, Saijai. Ningemwambia nini, kwamba asubiri, mzee asiyeonekana bado anatafuna?"

"Na mabaki uliomba?"

"Ningeomba kwa nani, ikiwa sikumkaribisha mtu?"

Saijai alitaka kumpiga. Alinyanyua mkono, akauona uso wa mumewe ulivyokonda, mkono ukashuka wenyewe. Alijua kwamba naye angefanya vile vile, tena angeanza mapema zaidi.

Asubuhi walimpeleka Kaeo kwa Bibi Chaem. Huyu alikuwa mwanamke wa kukaanga ndizi nyuma ya soko la samaki, mwenye ulimi mkali, na ndizi zikimlalia alifanya ile kazi yake nyingine ya kuzungumza na wasioonekana. Aliwapokea dirishani, amevaa barakoa mbili na juu yake ngao ya plastiki.

"Simameni kwenye alama," alisema, akionyesha miguu iliyochorwa sakafuni kwa rangi. "Mashetani siyaogopi, maradhi nayaogopa. Mgonjwa ni nani, ni huyu mfupa?"

"Ni huyu, bibi."

Alichukua yai kutoka trei yake mwenyewe, yai la kuku lililokuwa na kinyesi cha kuku bado, akampa Saijai alisugue mgongoni mwa mtoto kutoka shingoni hadi kiunoni, mara saba. Kisha akalipokea, akalivunja ukingoni mwa bakuli. Hakukutoka kitu. Ganda lilikuwa tupu na kavu, limesafishika ndani kana kwamba limeoshwa na kuanikwa. Bibi Chaem alivunja la pili kwenye trei, ambalo halikumgusa mtoto, na ute na kiini vikaanguka bakulini kama kawaida. Alizima jiko la ndizi.

"Mnakaa wapi?"

Walimwambia. Wakamwambia na habari ya udi, Prayun akijiumauma.

"Huyo siye Babu wa Kiwanja," alisema Bibi Chaem. "Babu ni mtu mwenye heshima zake. Asipokaribishwa huondoka. Kaondoka zamani, na nyumba ikabaki tupu. Mnajua nyumba tupu huwaje siku hizi? Njia zote zimejaa watu waliokufa bila kuagwa. Wamefungwa kwenye mifuko, wametiwa motoni, hakuna mtawa aliyewasomea wala ndugu aliyewawekea hata ndizi. Wanakwenda wapi? Huyu kapita, kaona kijumba, kaona kuku, kaingia."

"Kwa hiyo amtese mtoto?" Saijai aliuliza.

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo anakusikiliza."

Saijai alimtazama mwanawe. Kaeo alikuwa amesimama juu ya alama yake, mikono imelegea, na aliposema midomo haikuchezacheza sana. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya kuchoka, yenye lafudhi ya watu wa kaskazini mashariki, ile ile ya kwao.

"Sikumtesa, dada. Nilikuta sahani, nikala. Ninyi nanyi mkala sahani ile ile, hamkuniambia nitoke. Nikasema basi hawa ni jamaa."

"Wewe ni nani?"

"Fundi, mpaka rangi wa nyumba za watu. Nilikohoa siku nne chumbani kwangu Bangkok. Majirani walisikia. Walikuwa wema, walisogeza viatu vyao mbali na mlango wangu." Mtoto alimeza mate, na ilisikika kama mtu mzima anayemeza. "Nina njaa, dada. Nakula na sishibi, kwa sababu hakuna aliyenipa. Mtu asiyepewa hashibi."

Saijai alilia. Alilia kwa kumwogopa na kwa kumhurumia, vyote viwili, akajichukia kwa kumhurumia kwa kuwa aliyekuwa anapungua ni mwanawe.

Bibi Chaem aliwaambia lipo jambo la kufanya. Mwenye kiwanja mwenyewe, yaani Bi Rachani, aje awashe udi kwa mkono wake, amrudishe Babu, kisha walishwe watawa tisa kwa siku takatifu saba mfululizo na thawabu yote apewe huyo mpaka rangi. Hapo atakuwa amepewa, atashiba, ataondoka kwa salama.

"Na asipokuja?"

"Mtoto huyu hafiki mwisho wa mvua."

"Mwambie aje kwangu mimi," Saijai alisema. "Nile naye mimi."

"Nyie wawili alikwisha kuwaonja, akamchagua mdogo. Harudi nyuma. Huhamia kwa mtu mgeni tu, atakayekula naye sahani moja bila kuombewa mabaki." Bibi Chaem aliinua ngao yake ya plastiki na kwa mara ya kwanza wakaona macho yake vizuri. "Hiyo sikufundishi. Nakwambia uiepuke. Ukifanya kwa kujua, dhambi ni yako, si yake."

Prayun alimwandikia Bi Rachani siku hiyo hiyo. Hakuthubutu kusema habari ya udi. Aliandika kwamba Babu ameonekana kuchukia, kwamba Kaeo anaumwa, kwamba mganga anashauri watawa tisa. Aliandika kwa unyenyekevu wote aliokuwa nao, akaweka na picha ya mtoto.

Sungura akainama.

Saa moja baadaye ulikuja ujumbe wa pili: mambo ya watawa yatazungumzwa wageni wakirudi, na mbona picha ya juma lile soda imewekwa moja badala ya mbili.

Kaeo alianza kula mchele mbichi. Walificha gunia, akala mshumaa. Wakamkuta bafuni ametafuna sabuni, povu limemjaa mdomoni, anasema haina ladha. Hakuweza tena kupanda ngazi tatu za dobi. Usiku hakulia, wala mchana hakulia. Alikaa tu mdomo ukitafuna hewa, na pale alipokaa palinukia udi. Prayun alitafuta udi kila mahali akakopeshwa pakiti, akauwasha wote mbele ya kijumba, akapiga magoti na kuomba msamaha mpaka sauti ikamkauka. Moshi ulipanda ukainama, ukaingia dirishani kwa Kaeo. Kwenye nyumba ya mtu, mtunza bustani si wa kukaribisha wageni.

Hapo ndipo Bi Rachani alipopiga simu mwenyewe, sauti imechangamka. Kuna mnunuzi. Atakuja kuitazama hoteli Jumamosi, na yeye atatangulia asubuhi kumsalimia Babu ili biashara ifunguke. Waandae kijumba, wanunue embe mbichi za pilipili na chumvi, kwa kuwa anamleta binti yake.

Binti yake aliitwa Orawan. Huyu lazima nimseme ipasavyo. Alikuwa mtu mwema. Mwaka wa kwanza wa maradhi ndiye aliyempa Kaeo begi la shule, na mara mbili alituma gunia la mchele kwa siri bila mama yake kujua, akaandika kwa mkono wake kwamba anaona aibu. Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba aliyoitafuta miaka saba.

"Atakayekula ni Bi Rachani," Saijai alimwambia mumewe Ijumaa jioni. Alikuwa anamenya embe. "Huwa haondoki kijumbani bila kuonja baraka. Unakumbuka? Hula kipande cha kuku, anasema ni cha bahati."

"Saijai."

"Ni chakula chake. Ni kiwanja chake. Ana nyama ya kutosha ya kumlisha yule mpaka rangi kwa miaka kumi."

"Bibi Chaem alisema dhambi—"

"Sema usimfanyie, na mimi nitaacha," Saijai alisema. "Mwangalie mwanao pale, kisha useme."

Prayun alimwangalia. Hakusema.

Jumamosi gari jeupe liliingia getini. Saijai alikuwa amepanga kila kitu: kuku, mayai, wali, soda mbili, na sahani ya embe. Vijiti vya udi vilikuwa vya zamani, vimeungua, vimechomekwa vizuri. Kaeo alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, hatua chache tu, macho wazi, akitafuna hewa.

Kioo cha gari kiliteremka kidogo. Bi Rachani hakushuka. Aliunganisha viganja vyake akiwa ndani, barakoa usoni, akamwinamia Babu kupitia kwenye upenyo. Saijai alichukua kipande cha kuku kwenye kisahani, akakipeleka kwa mikono miwili.

"Baraka, bibi."

"Ah, sili cha nje siku hizi," Bi Rachani alisema, akarudi nyuma. "Maradhi haya. Usinisogelee sana. Kuleni nyinyi." Kioo kikapanda.

Saijai alibaki na kisahani mkononi. Mlango wa upande wa pili ulifunguka, akashuka Orawan, mkono kiunoni, tumbo mbele, anahema kwa joto.

"Dada Saijai, hujambo? Mama amenizuia kushuka, nikamwambia nitakufa na kiyoyozi chake." Alicheka. Kisha akamwona mtoto mkekani, kicheko kikakatika. "Huyu ni Kaeo? Mungu wangu, amekuwaje?"

"Anaumwa kidogo, dada."

"Hii siyo kidogo. Jumatatu nitamtumia daktari wangu. Usiseme hapana, gharama ni zangu." Alikuwa na machozi machoni, akayafuta kwa kiwiko. Akageuka upande wa kijumba, akainamisha kichwa kwa Babu, na macho yake yakaangukia sahani ya embe, embe mbichi za kijani zilizonyunyiziwa chumvi na pilipili, ambazo mwenye mimba yeyote angezinusa kutoka mtaa wa pili. Alishusha barakoa. Akachukua kipande, akakifikisha mdomoni, kisha akasita kama alivyolelewa.

"Umeshaomba mabaki?"

Saijai alimwangalia yule mwanamke aliyempa mwanawe begi, akaliangalia tumbo lake, na akiwa bado hajajibu akasikia nyuma yake, pale mkekani, meno madogo yanagongana, ka, ka, ka, yanatafuna hewa, yanatafuna, na akaisikia harufu ya udi ikiamka kutoka kwenye mkeka na kusogea taratibu kama mtu anayenyanyuka kupisha kiti, ikampita yeye ubavuni bila kumgusa, na Prayun aliyekuwa ameshika ufagio kule bwawani aliacha kufagia, akamtazama mkewe, wala hakupiga kelele, wala hakutikisa kichwa, akamwachia yeye peke yake, na neno moja tu lilihitajika, neno "bado", ambalo ni fupi kuliko maneno yote.

"Nimeshaomba, dada," alisema Saijai.

Orawan akala. Akala cha pili, na cha tatu.

"Hazina chumvi," alisema, akicheka, akalamba vidole.

Walipoondoka Saijai alizimwaga embe zilizobaki nyuma ya dobi, akaiosha sahani mara tatu. Aliporudi alimkuta Kaeo amekaa kitako, peke yake. Mtoto aliomba wali. Alipewa kibakuli kidogo na yai. Alikula nusu ya wali, akasukuma kibakuli, akasema yai lina chumvi nyingi na tumbo limejaa, kisha akalala usingizi mzito huku anakoroma. Prayun aliketi chini kando yake akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Saijai hakulia.

Daktari alikuja Jumatatu kweli, akashangaa ameitiwa nini.

Hoteli haikuuzwa. Kapu liliendelea kuja, na gunia la mchele likaja pia, la tatu, kutoka kwa Orawan. Kaeo akaanza kunenepa mashavu. Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja saa za mchana, wali ukiwa jikoni, simu ya Saijai ililia. Ulikuwa ujumbe wa Orawan, mrefu, umeandikwa kwa haraka.

"Dada, samahani kukusumbua, sina wa kumwuliza. Nakula mpaka naona haya. Naamka naenda kwenye friji nakula vilivyoganda. Kila kitu hakina ladha. Daktari anasema mimi nimepungua kilo sita, na mtoto hakui kama inavyotakiwa. Mama anasema ni mimba tu, wote hupitia. Wewe umezaa. Ilikuwa hivi kwako?"

Saijai alisoma mara mbili. Kaeo alikuwa mlangoni akiruka kamba, akihesabu kwa sauti, amefika thelathini na kitu. Saijai alifuta mikono kwenye nguo, akaandika. Alifuta, akaandika tena.

"Ndivyo mimba zilivyo, dada. Wewe kula tu."

Akautuma, akaiweka simu juu ya kabati, akamwita mwanawe aje wali usipoe.